Maharage, Kahawa na Viungo Vinavyouma

Mbozi, mtu akiamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu, hata kuguswa na shuka hawezi, ushauri humfikia kabla ya dawa. Acha nyama. Acha dagaa. Acha maharage na kunde. Wengine huongeza mchicha na kila mboga ya kijani. Katika kaya nyingi za Songwe, ukishaviondoa hivyo vyote, unabaki ugali na chumvi. Ushauri huo una ukweli ndani yake na una kosa ndani yake, na lile kosa humwelemea zaidi asiye na fedha za mayai na maziwa ya kufidia. Kwa sababu hiyo unastahili kupitiwa polepole, pamoja na yale yote tunayoambiwa siku hizi kuhusu manjano, tangawizi, kahawa na mizizi inayouzwa sokoni Tunduma kama tiba ya viungo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nyanda hizi zina baridi kali mwezi wa Juni na Julai, na baridi hiyo hubebeshwa lawama ya maumivu yoyote ya goti, kiuno au vidole. Baridi inaweza kuyazidisha maumivu, lakini si chanzo chake. Nyuma ya malalamiko hayo kuna angalau magonjwa matatu yasiyofanana. Wa kwanza ni uchakavu wa gegedu, ile nyama ngumu yenye utelezi inayozuia mfupa usisuguane na mfupa. Huwapata zaidi wenye umri, wenye uzito mkubwa, na waliobeba mizigo na kulima miteremko miaka mingi. Wa pili ni baridi yabisi ya kinga ya mwili, ambapo askari wa mwili huushambulia utando wa ndani wa viungo. Dalili zake hujulikana: vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima au zaidi. Wa tatu ni jongo, ambalo hospitalini huitwa gauti. Mmea unaoweza kusaidia kidogo katika mmoja huenda usiguse kabisa mwingine. Mwuzaji anayesema unga wake unatibu yote matatu hajui anachouza, au anajua na hajali.

Jongo ndilo lenye uhusiano wa karibu zaidi na sahani, kwa hiyo nitakaa hapo.

Ndani ya kila seli, ya mnyama na ya mmea, kuna viambato viitwavyo purini. Mwili ukivivunja, kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi hukamilisha kazi na kutoa asidi ya yuriki, ambayo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi miligramu 6.8 hivi katika desilita ya damu, huanza kuganda kuwa fuwele zenye ncha kali, na mahali inapopenda kugandia ni kwenye viungo vyenye ubaridi, vilivyo mbali na moyo, kama kidole cha mguu. Askari wa mwili wakizikuta fuwele hizo hupigana nazo, na vita hivyo ndivyo uvimbe na moto anaousikia mgonjwa. Sehemu kubwa ya purini hizo huzalishwa na mwili wenyewe. Zinazotoka kwenye chakula ni sehemu ndogo, na ndiyo maana mtu anaweza kujinyima sana na bado asidi yake ikashuka kwa miligramu moja hivi tu.

Sasa turudi kwenye nyama na maharage. Mwaka 2004, Hyon Choi na wenzake wa Boston walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 wa Marekani, wafanyakazi wa sekta ya afya, kwa miaka 12. Katika muda huo 730 walipata jongo. Waliokula nyama kwa wingi zaidi walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 41 kuliko waliokula kidogo zaidi. Kwa samaki na vyakula vingine vya baharini ilikuwa asilimia 51. Waliotumia maziwa kwa wingi walikuwa na hatari ndogo. Na wale waliokula mboga zenye purini nyingi, yaani jamii ya maharage, njegere, uyoga na spinachi? Hatari yao haikupanda. Purini ya mmea na purini ya ini la ng'ombe, ingawa maabara huziandika kwa jina moja, hazikuleta madhara sawa kwa walaji. Maelezo yanayotolewa ni kwamba purini za mimea hufyonzwa kwa kiasi kidogo, na kwamba huingia tumboni pamoja na nyuzinyuzi na viambato vingine vinavyobadilisha mambo.

Watafiti hao walipima watu wa Marekani, si wakulima wa Mlowo, na walipima wanaume peke yao. Hata hivyo, ni vigumu kuona sababu ya kumnyima mtu wa Songwe maharage kwa hofu ambayo ufuatiliaji mkubwa kiasi hicho haukuiunga mkono. Mimi ningependa ushauri huu wa kuacha maharage ufutwe katika vinywa vya watoa huduma kwanza, kisha majirani watafuata. Mgonjwa akiona kwamba sahani fulani ya kunde humletea shambulio, aiepuke hiyo. Lakini katazo la jumla halina msingi.

Chenye msingi ni pombe. Mwaka huohuo wa 2004 kundi lilelile lilionyesha katika jarida la Lancet kwamba kila bia moja ya ziada kwa siku iliambatana na ongezeko la hatari la karibu nusu. Pombe kali iliongeza kwa kiasi kidogo kuliko bia, na mvinyo haukuonyesha ongezeko la maana. Bia ina makosa mawili kwa pamoja: ina purini zake yenyewe kutoka kwenye nafaka na chachu, na kilevi chake huizuia figo isitoe asidi ya yuriki. Waliopimwa walikunywa bia ya kiwandani. Kimpumu cha ulezi na komoni hunywewa bila kuchujwa sawasawa, chachu na mashapo vikiwa ndani, na sioni hoja yoyote ya kuvidhania kuwa ni salama zaidi kwa sababu vimepikwa nyumbani. Soda nayo imo. Mwaka 2008 Choi na mwenzake waliandika kwamba wanaume waliokunywa soda mbili au zaidi zenye sukari kwa siku walikuwa na hatari kubwa kwa asilimia 85 kuliko wale waliokunywa chini ya moja kwa mwezi. Sukari ya matunda iliyomo humo huulazimisha mwili kuvunja purini zake wenyewe. Kijana wa Tunduma anayeshusha mizigo jua kali na kujipoza kwa soda tatu amekatazwa maharage, na soda hakuna aliyemtajia.

Halafu kuna kahawa, na hapa Mbozi inanihusu kwa namna ya pekee. Kahawa ya arabika ni zao la biashara la wilaya hii, na kituo cha Mbimba cha Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kipo hukuhuku. Lakini katika nyumba nyingi za wakulima hao kinachochemka asubuhi ni chai, na kahawa huondoka kwa magunia kwenda nje. Mwaka 2007 Choi na wenzake walipima kahawa kwa wanaume 45,869, tena kwa miaka 12. Waliokunywa vikombe vinne hadi vitano kwa siku walikuwa na hatari ya jongo ndogo kwa asilimia 40 kuliko wasiokunywa, na waliokunywa sita au zaidi kwa asilimia 59. Kahawa iliyoondolewa kafeini nayo ilionyesha nafuu kidogo. Chai haikuonyesha. Hii ina maana kwamba kafeini peke yake haielezi matokeo hayo. Anayeshukiwa ni asidi ya klorojeniki, mojawapo ya polifenoli zilizojaa kwenye buni, pamoja na wenzake wengine, kwa uwezo wao wa kupunguza asidi ya yuriki kwenye damu. Kwa kulinganisha, alopurinoli, dawa ya jongo inayotolewa hospitalini, hufanya kazi kwa kumzuia yule zanthini oksidesi tuliyemtaja.

Nisingemwambia mtu aanze kunywa vikombe sita ili alikimbie jongo. Waliofuatiliwa walikuwa wakijinywea kwa mazoea yao, na kufuatilia watu hakuthibitishi kwamba kahawa yenyewe ndiyo iliyowakinga. Vikombe sita humkosesha mtu usingizi, si vizuri kwa mjamzito, na vikitiwa vijiko vitatu vya sukari kila kimoja humrejeshea mtu kwa mlango wa nyuma kile alichokikwepa kwenye soda. Lakini mwenye jongo ambaye tayari anakunywa kahawa yake asubuhi hana sababu ya kuiacha. Aepuke tu kuinywa na chakula. Polifenoli hizohizo za kahawa na chai hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga na kuyazuia yasiingie damuni. Katika nyumba yenye mama mjamzito na watoto wadogo, saa moja baada ya mlo ni bora kuliko wakati wa mlo.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi hautoki Boston. Unatoka Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, wakiwamo Godfrey Temba na Quirijn de Mast, walichapisha mwaka 2021 uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Damu za watu wa mjini zilionyesha kinga iliyochangamka kupita kiasi, ile hali ya uvimbe wa chini kwa chini ambayo haimlazi mtu kitandani lakini huandaa njia ya maradhi sugu. Damu za watu wa vijijini zilikuwa na zaidi ya viambato vinavyotokana na mimea, vikiwamo vya jamii ya flavonoidi kama apijenini, ambavyo maabara huonyesha kwamba hutuliza uvimbe.

Tofauti ya mjini na kijijini inaweza kusababishwa na mambo mengi, kwa hiyo kundi hilo likafanya jaribio la kweli, lililochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Wa kijijini walibadilishiwa chakula na kula cha Kizungu kwa wiki mbili: mkate mweupe, soseji, chipsi na vinginevyo vya namna hiyo. Wa mjini walipelekwa upande wa pili, kwenye mboga, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa za asili ya Kilimanjaro. Kundi jingine la mjini lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Wiki mbili zilitosha. Waliohamia chakula cha Kizungu damu zao zilionyesha protini za uvimbe zikipanda, na seli zao za kinga zikajibu vimelea kwa udhaifu zaidi. Waliohamia chakula cha asili walielekea upande wa kinyume, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye.

Hao walikuwa wanaume wazima wa afya, hakuna aliyekuwa na viungo vilivyovimba, na wiki mbili ni wiki mbili. Haiwezekani kusema kutokana na jaribio hilo kwamba kiburu, chakula cha Kichaga cha ndizi na maharage, hutibu baridi yabisi. Linaloweza kusemwa ni kubwa vya kutosha: chakula kizima cha mimea, kama kinavyoliwa na Watanzania, hugeuza mwelekeo wa uvimbe mwilini kwa kiasi kinachopimika, na kwa haraka. Hakuna kiambato kimoja kilichochujwa kikatiwa kwenye chupa. Kazi ilifanywa na mlo.

Songwe haina haja ya kuagiza ndizi za Machame. Ileje ina ndizi zake. Mbozi ina mahindi na maharage, na ulezi bado unalimwa. Polifenoli za ulezi zimejaa kwenye ganda lile jekundu la punje, na za mahindi zimeshikamana na pumba. Ukikoboa sembe mpaka iwe nyeupe, umezimwagia kuku. Nyuzinyuzi nazo huondoka na pumba hizo. Nyuzinyuzi mwili hauzimeng'enyi. Huwafikia bakteria wa utumbo mpana, nao huzichachusha na kutoa asidi ndogondogo kama butirati, ambayo huituliza kinga. Mwaka 2017 Zhaoli Dai na wenzake walitumia kumbukumbu za makundi mawili ya Wamarekani yaliyofuatiliwa kwa miaka mingi, wakakuta kwamba waliokula nyuzinyuzi nyingi zaidi walikuwa na hatari ndogo ya kupata uchakavu wa goti wenye maumivu: asilimia 30 katika kundi moja, 61 katika jingine. Sehemu ya nafuu hiyo hupita kwenye uzito. Vipimo vya Stephen Messier vya mwaka 2005 vilionyesha kwamba mtu akipunguza kilo moja, goti hupunguziwa mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua. Kwa mama wa Vwawa anayepanda kilima kila siku, hesabu hiyo ina uzito kuliko unga wowote wa kwenye kopo.

Ninapoiwaza Tunduma katika jambo hili, naiona kama mahali ambapo mabadiliko yale ya Moshi yanatokea bila jaribio. Malori ya Zambia na Kongo hupanga foleni hapo. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili kuharakisha mambo, na mji umezidi kukua. Dereva hukaa kwenye usukani saa nyingi, hula chipsi mayai na nyama choma, hushushia bia. Chakula cha haraka hufuata barabara, na watoto wa mji hukikuta tayari.

Tuje kwenye manjano. Kiambato chake, kurkumini, kimejaribiwa kwa wagonjwa halisi. Mwaka 2014 madaktari wa Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 367 wa uchakavu wa goti: kundi moja lilimeza miligramu 1,500 za kidondoo cha manjano kwa siku, jingine miligramu 1,200 za ibuprofeni, kwa wiki nne. Nafuu ilikaribiana, na waliotumia manjano hawakulalamikia tumbo sana kama wenzao. Ni habari njema. Lakini fanya hesabu. Unga wa manjano una kurkumini ya takriban asilimia 3. Kijiko cha chai, gramu tatu hivi, kina miligramu 90. Ili kuifikia dozi ya Thailand ungehitaji vijiko zaidi ya 16 kila siku, na mchuzi wa namna hiyo haupikwi na mtu. Kibaya zaidi, kurkumini hufyonzwa kwa shida. Uchunguzi wa India wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza kiwango kinachoingia damuni mara 20. Wafanyabiashara wa vidonge waliifuata njia hiyo, na mwaka 2022 madaktari wa Marekani wakaeleza kuhusu wagonjwa 10 walioumia ini kwa vidonge vya manjano, baadhi ya vidonge hivyo vikiwa vimechanganywa na pilipili manga. Manjano ya kwenye wali hayana shida hiyo. Yakikolezwa mpaka yawe na nguvu ya dawa, yanaleta pia madhara ya dawa.

Tangawizi inafanana nayo. Jaribio la mwaka 2001 lenye wagonjwa 247 wa goti lilionyesha kwamba asilimia 63 ya waliotumia kidondoo cha tangawizi walipungukiwa maumivu ya kusimama, dhidi ya asilimia 50 ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Nafuu ipo, ni ndogo. Chai ya tangawizi ya mama lishe inywewe kwa raha yake. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari kama anatumia tangawizi kwa wingi.

Pilipili kichaa ina hadithi tofauti. Kapsaisini yake huugusa mlango fulani kwenye mishipa ya fahamu, mlango uleule unaopokea joto; David Julius aliugundua mwaka 1997 na mwaka 2021 akashiriki Tuzo ya Nobeli. Mlango huo ukichokozwa tena na tena, mshipa huchoka kupeleka maumivu. Ndiyo maana krimu za kapsaisini hupunguza maumivu ya goti zinapopakwa. Kuila pilipili hakuleti hilo, na kusugua pilipili mbichi kwenye goti huunguza ngozi.

Nimeiacha mwisho ile baridi yabisi ya kinga ya mwili kwa sababu hapa ndipo mtu hupoteza vidole akisubiri. Ugonjwa huu huanza kula mfupa mapema, na dawa kama methotrekseti hufanya kazi nzuri zaidi zikianzwa katika miezi ya mwanzo. Maharage na mboga vinaweza kuusaidia mwili wa mgonjwa, havizuii mfupa kuliwa. Si kwamba mimea haina nguvu hiyo. Haidroksiklorokwini, inayotumika kwa ugonjwa huu na kwa lupasi, chimbuko lake ni utafiti uliotokana na kwinini ya gome la mti. Kolchisini, dawa ya kale ya jongo, hutoka kwenye mmea wa Ulaya, na imo pia kwenye kiazi cha Gloriosa superba, ule mtambaa wenye ua la miali ya moto unaoota katika Afrika Mashariki; kiazi hicho kimeua watu. Mzizi wa mtambaa mmoja wa China ulilinganishwa na methotrekseti katika jaribio la wagonjwa 207 lililochapishwa mwaka 2014 na haukushindwa, lakini huharibu uwezo wa kuzaa. Mmea wenye nguvu ya kuuzuia ugonjwa una nguvu ya kudhuru pia, na tofauti kati ya hayo mawili ni kipimo ambacho mwuza mizizi hana.

Wapo wauzaji wanaojua kwamba unga wao hautoshi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu vidonge vya Artri King, vilivyouzwa kama virutubisho vya asili vya viungo, kwa sababu vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni huondoa uvimbe haraka mno, na ndipo mtego ulipo. Unga wa mitishamba unaomaliza maumivu ya miaka mitano kwa usiku mmoja unapaswa kutiliwa shaka, hasa uso ukianza kujaa na kuwa wa mviringo, au sukari na shinikizo la damu vikipanda. Aliyeutumia kwa wiki nyingi asiuache ghafla, kwa kuwa mwili wake huenda umeacha kutengeneza homoni ambayo dawa ile ilikuwa ikiichukulia nafasi, na kuikatiza kunaweza kumwangusha. Aende hospitali ya wilaya au ya mkoa akiwa bado anautumia, na kopo alichukue, hata likiwa limebaki tupu.